Namba za Kituo cha Pili

Deyanira aliamka kila siku bila kuitwa, kwa sababu babu yake hakuwa na desturi ya kumwita mtu. Don Eliécer, kama kijiji kilivyomwita kwa heshima, alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu bibi afariki hata hayo machache yalikuwa yamepungua. Alfajiri alitoka na taa mkononi kwenda kwenye birika la saruji nyuma ya nyumba, huko ambako kahawa iliyomenywa jana yake ililala ikichachuka. Msichana naye aliwasha moto, akachemsha maji ya sukari guru, akachoma arepa mbili za unga wa mahindi. Walikula wamesimama.

"Kuna baridi," babu alisema.

"Ndiyo, babu."

Mazungumzo ya asubuhi yaliishia hapo.

Mama yake alikuwa Hispania, akitunza vikongwe wa watu wengine. Simu yake ilipatikana Jumapili tu, tena mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa lililo karibu na msalaba wa kilimani. Ukishuka hatua tatu kutoka jiwe hilo, sauti hukatika.

Kutoka kwa don Eliécer hadi shuleni ni mwendo wa dakika arobaini kuteremka na karibu saa nzima kupanda. Shamba lake ndilo la mwisho kwenda juu. Njiani hakuna nyumba nyingine hadi ufike darajani. Mwenzake Deyanira katika njia hiyo alikuwa mto Chuscal, unaoteremka kando ya njia ukipiga kelele kwenye mawe. Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa siku nzima aliongea na mto zaidi kuliko alivyoongea na watu.

Mwaka huo mwalimu Amparo aliwapa watoto kazi ambayo shule yetu haikuwahi kuifanya. Chemchemi ya shule hukauka kila Agosti, na watoto hulazimika kubeba maji kwa ndoo. Ofisi ya mjini ilikuwa imeahidi mabomba, lakini kijiji ndicho kilichotakiwa kuchagua mahali pa kujenga banio, yaani ukuta mdogo wa kukinga maji ya mto yaingie bombani. Mwalimu akasema tusichague kwa kubahatisha. Watoto wapime mto mara moja kwa mwezi, mahali patano, kuanzia Februari hadi Oktoba, wakati wa mvua na wakati wa jua.

"Jumatano ya mwisho ya kila mwezi, saa nane mchana, vituo vyote kwa pamoja," alisema.

"Kwa nini lazima saa nane, mwalimu?" aliuliza Edilson, ambaye saa hiyo alipenda kuwa uwanjani na mpira.

"Ili tusije tukasema mto umebadilika, kumbe tuliobadilika ni sisi."

Kituo cha kwanza kilikuwa msituni, chini ya maporomoko. Cha pili kilikuwa chini kidogo ya shamba la don Eliécer. Cha tatu kilikuwa darajani, cha nne nyuma ya shule, na cha tano mahali Chuscal unapoingia mto mkubwa. Watoto wa darasa lile walikuwa tisa. Mwalimu aliwaambia wajipange wawili wawili, wakajipanga haraka, na walipomaliza, Deyanira alikuwa bado amesimama karibu na ubao.

"Kituo cha pili ni karibu na kwenu," mwalimu alimwambia. "Utaweza peke yako?"

"Nitaweza, mwalimu."

Hakuna aliyesema, "Nitamsaidia."

Kazi yenyewe aliipenda. Alipiga magoti kwenye jiwe bapa, akatazama upande maji yanakotoka, akasuuza chupa mara tatu kabla ya kuijaza. Kisha alichovya karatasi ya kupimia uchachu na kulinganisha rangi yake na rangi zilizochapwa kwenye kijisanduku. Saba ni maji yasiyo na uchachu. Kadiri namba inavyoshuka chini ya saba, ndivyo maji yalivyo machachu. Mwishowe alimimina maji kwenye mrija mrefu wa plastiki uliochorwa msalaba mweusi kwenye kitako chake. Ukichungulia kutoka juu na kuuona msalaba huku mrija umejaa, umesoma sentimita sitini, na maji yako ni maangavu. Usipouona, unapunguza maji kidogo kidogo mpaka utokeze.

"Hujambo leo?" aliuuliza mto. Mto ulijibu saba, na sitini.

Februari ulijibu saba. Machi saba. Aprili, wakati wa mavuno madogo, karatasi ilisoma sita, na mrija ukasoma arobaini na tatu. Deyanira aliandika hivyo hivyo. Kesho yake namba zilipoandikwa ubaoni, Edilson aliangua kicheko.

"Sita! Wewe, mto wenu umekunywa limau?"

"Labda kaosha chupa kwa sabuni," mwingine alidakia.

"Au kapima mate yake! Watu wa juu wana mate makali, hawaongei na mtu, yanawachachia mdomoni!"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu aliwanyamazisha, akaitazama ile sita, akatazama vituo vingine. "Huenda karatasi ilishika jasho la mkono," alisema kwa upole. Akaizungushia duara, na alipopiga hesabu ya wastani hakuihesabu. Kuanzia siku hiyo Deyanira aliitwa Profesa Povu.

Miezi ikapita. Mei saba, Juni saba. Julai na Agosti mto ulipungua hadi mawe yakaonyesha migongo, lakini kituo cha pili kikabaki saba na sitini. Septemba saba. Darajani namba zilipanda na kushuka, kule chini ndiyo usiseme. Kituo cha Deyanira kilitulia kama maji ya mtungini.

Kisha yakaja mavuno makubwa ya Oktoba. Don Eliécer aliajiri wachumaji sita, na mjukuu wake alipewa kazi ya kuwapelekea chakula shambani kila akirudi kutoka shuleni. Jumatano ya mwisho ya mwezi ilipofika, aliona wazi kwamba saa nane hatakuwa na nafasi. Basi akachukua vifaa vyake asubuhi, saa kumi na mbili, akashuka mtoni kabla ya kwenda shule.

Alisikia harufu kabla hajafika. Ilikuwa harufu ya matunda yaliyooza ndani ya mfuko. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na kwenye mawe povu lilikuwa limeshika kama mate ya ng'ombe. Alichovya karatasi. Tano. Alichovya nyingine, nayo ikasoma tano. Katika mrija, msalaba haukutokeza hadi sentimita kumi na saba.

Alikaa juu ya jiwe na daftari mapajani. Tano! Sita tu ilikuwa imempa jina ambalo hata watoto wa darasa la kwanza walilijua. Tano ingempa nini? Akajiambia kwamba kama angepima saa nane, kama ilivyoagizwa, bila shaka angesoma saba. Tena karatasi ya kujazia haikuwa na nafasi ya kuandika saa. Kalamu ikaandika saba. Ikaandika hamsini na nane, kwa kuwa sitini aliionea haya.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Mwalimu alichora jedwali kubwa, miezi upande mmoja na vituo upande mwingine, na chini yake wastani wa kila kituo, pamoja na tofauti kati ya namba yake kubwa na ndogo.

"Tazameni kituo cha pili," alisema. "Wastani mzuri, na hakiyumbi, masika wala kiangazi. Hongera, Deyanira. Umefanya kazi ya watu wawili peke yako."

Wakati wa mapumziko Yurani, msichana anayekaa darajani, alikuja kukaa kando yake na kumkatia nusu ya kipande chake cha peremende ya mapera. "Kumbe mto wenu ndio utakaotunywesha," alisema. "Kesho twende wote. Nitakungoja darajani."

Sitawaficha: kwa wiki mbili zilizofuata Deyanira alifurahi. Asubuhi alikuta mtu darajani akimngoja. Mchana alisindikizwa hadi pale pale. Hata Edilson aliacha Povu akabakiza Profesa. Alhamisi moja Yurani alimchukua kwao kula mchuzi wa ndizi na mihogo, na meza ilikuwa na watu saba waliokuwa wakiongea wote kwa wakati mmoja. Deyanira alikaa katikati ya kelele ile kama mtu aotaye moto.

Mama yake Yurani alikuwa amempakata mtoto mdogo, Samuelito, ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza.

"Huyu maji ya ndoo yamemchosha tumbo," alisema yule mama huku akimfuta kidevu. "Lakini Mungu akipenda, Januari atakunywa maji ya bomba, kutoka kwako wewe, mama. Eh, Samu? Mwambie Deya asante."

"Atante," alisema mtoto.

Kijiko cha Deyanira kilisimama. Njia nzima ya kurudi, baada ya daraja, alilisikia neno lile.

Jumamosi asubuhi alishuka mtoni tena saa kumi na mbili. Tano. Alirudi saa nane mchana: saba. Aliamua kupima hivyo kwa siku saba bila kumwambia mtu, hata kama mchana ingembidi akimbie mtoni kabla ya kupeleka chakula. Namba moja inaweza kuwa jasho la mkono, lakini namba saba haziwezi kuwa jasho. Jumapili asubuhi, tano. Akapanda hadi kwenye jiwe la msalaba, simu ikalia.

"Mama, nikikuambia kitu… kuna namba niliandika, si za kweli."

"Namba gani, mwanangu? Ya simu? Sikusikii vizuri. Unakula? Babu yako anakohoa bado?"

"Nakula, mama."

"Haya, mwanangu, foleni ya simu ni ndefu hapa. Nakubusu."

Jumatatu alfajiri alichovya karatasi, na rangi ikawa ya saba. Alichovya nyingine: saba. Msalaba ulionekana mrija ukiwa umejaa. Maji yalikuwa yakipita bila povu, maangavu. Alisimama akishangaa, akashika chupa kana kwamba ndiyo iliyomdanganya. Jumatatu ina nini? Akageuka akatazama juu, nyumbani. Hakukuwa na taa kwenye birika. Wachumaji hupumzika Jumapili. Jumapili kahawa haimenywi, kwa hiyo Jumatatu hakuna kahawa ya kuoshwa.

Hapo alielewa. Tena alishangaa kwamba alikuwa akilijua jambo hilo tangu azaliwe. Kila mtu katika milima yetu huchuma mchana, humenya jioni, huacha kahawa ichachuke usiku, na alfajiri huiosha. Maji ya kuoshea, yale mazito tunayoyaita maji-asali, hukimbilia mfereji, na mfereji hukimbilia mtoni. Ikifika saa nane mchana mto umeshayapeleka, isipokuwa siku mtu akichelewa kuosha, kama ile ya Aprili. Sisi wenyewe, watu wazima wa kamati ya maji, tulilijua birika la don Eliécer. Lakini karatasi ilisema saba, nasi tukaiamini karatasi kuliko pua zetu.

Jumanne tano. Jumatano tano. Alhamisi sita, maana jana yake ilinyesha na wachumaji walichuma kidogo. Ijumaa tano. Siku hiyo alipanda pia juu ya mfereji wa babu yake, akapima huko: saba.

Jumamosi jioni, babu alipokuwa akisafisha mashine ya kumenyea kahawa, Deyanira alimsogezea daftari.

"Babu, Jumatano ile niliandika uongo. Nilipata tano, nikaandika saba."

Mzee alifuta mikono, akaliweka daftari karibu na taa. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila namba. Kilipofika Jumatatu kikasimama.

"Hapa sikuosha," alisema.

"Ndiyo, babu."

Mzee aligeuza uso kuelekea mfereji.

"Baba yangu aliosha hapo. Na baba yake. Mto unabeba, mama. Mto kazi yake ni kubeba."

"Unabeba hadi wapi, babu?"

Don Eliécer alifunga daftari, akamrudishia, akaingia ndani. Usiku ule hakusema hata kwamba kuna baridi.

Mkutano wa kijiji ulikuwa kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Deyanira alipoamka nyumba ilikuwa tupu. Taa ilikuwa ikiwaka kwenye birika kama kawaida, na mgongo wa babu ulikuwa umeinama juu ya kahawa. Hakumwita. Alishuka peke yake hadi shuleni. Wala hakupanda kwenye jiwe la msalaba. Siku hiyo mama alipiga simu bila kumpata mtu.

Darasa lilijaa. Jedwali la mwalimu Amparo lilibandikwa ukutani. Doña Custodia, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, aligonga meza.

"Jamani, mabomba yameletwa, yamelala pale nje kama nyoka. Jedwali mmeliona. Anayekubali banio lijengwe kituo cha pili, ainue mkono!"

Mikono iliinuka. Na mimi niliinua wangu. Mkono mmoja uliinuka ukiwa umechelewa, nyuma kabisa.

"Wewe mtoto, watoto hawapigi kura," doña Custodia alisema.

"Sipigi kura, mama. Naomba kusema. Namba ya Oktoba ya kituo cha pili si ya kweli. Niliibadilisha mimi."

Mikono iliyoinuliwa ikashuka mmoja mmoja. Kisha mtu akanong'ona, "Profesa Povu," na wawili watatu wakacheka. Yurani, aliyekuwa mbele yake, hakugeuka.

"Sema yote, Deyanira," mwalimu alisema.

Alifungua daftari. Alisoma: siku, saa, namba, asubuhi na mchana, siku zote saba. Alipomaliza, don Saulo, aliyekuwa amepewa kazi ya kusimamia uchimbaji wa mtaro wa mabomba, alisimama akiwa amekasirika.

"Kwa hiyo tuamini nini? Jana alidanganya, leo asema kweli. Kesho je? Tukilihamisha banio juu zaidi ni mita mia nne za mtaro, tena kwenye mwamba! Mtoto kama huyu hajui hata hizo karatasi zinashikwaje. Na kama ni kweli, atuambie: uchafu huo unatoka kwa nani?"

Deyanira alikuwa ametaja kosa lake mwenyewe bila kusita sana. Kumtaja mtu pekee aliyekuwa akila naye arepa kila asubuhi, hilo lilimshinda. Alisimama hivyo, macho kwenye daftari, na hakuna aliyemsogelea.

"Unatoka kwangu," ilisema sauti mlangoni.

Don Eliécer alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, viatu vya mpira vimejaa tope. Alikuwa hajaonekana mkutanoni tangu mazishi ya mkewe. Alipita katikati ya watu bila haraka, akatoa chupa mfukoni na kuiweka juu ya meza ya mwenyekiti. Ndani yake maji yalikuwa na rangi ya chai, na povu shingoni.

"Nimeyachota leo alfajiri, kituo cha pili, nilipokuwa naosha," alisema. "Don Saulo, kama unaona mjukuu wangu hajui kupima, fungua. Onja."

Don Saulo aliifungua, akanusa, akaifunga upesi.

"Kiu sina," alisema. Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikumwelekea Deyanira.

"Lakini wastani si ni mzuri?" aliuliza mtu kutoka nyuma. "Siku nyingi maji ni safi."

"Wastani!" doña Custodia alifoka. "Ukinywa maji safi siku sita, na ya saba ukanywa hii chupa, tumbo lako litakuuliza wastani?"

Mwalimu Amparo alisogea ukutani, akachukua kalamu. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Mwezi wa Aprili mto ulituambia sita, nikaizungushia duara na kuitupa kwa sababu haikufanana na nyingine. Namba isiyofanana na wenzake tulipaswa kuiuliza imetoka wapi. Sisi tuliicheka. Mtoto akiona mwenzake anachekwa kwa kusema kweli, amejifunza nini?" Hakumtazama Edilson, lakini Edilson aliinama. Kisha mwalimu akachora mstari mpya kwenye jedwali, akaandika juu yake neno moja: *Saa*.

Kura ilipigwa upya. Banio lilijengwa juu ya mfereji wa don Eliécer, na mita zile mia nne za mwamba tulizichimba sote, Jumamosi sita mfululizo, don Saulo akilalamika kila mita. Don Eliécer alichimba na mtaro wake mwenyewe, unaopeleka maji-asali kwenye mashimo mawili yaliyojaa mchanga na changarawe, mbali na mto. Wakulima wa chini walikuja kuyatazama. Wengine wamechimba ya kwao. Wengine bado wanasema mto unabeba.

Msidhani siku ile ile mambo yote yalikaa sawa. Jumatatu iliyofuata hakukuwa na mtu darajani. Jumanne na Jumatano vilevile. Deyanira alipita akitazama mbele, akausalimu mto. Alhamisi alimkuta Yurani ameketi kwenye ukingo wa daraja.

"Ungeniambia mimi kwanza," Yurani alisema. "Mdogo wangu ndiye angekunywa."

"Niliogopa usingeningoja tena."

"Na kweli sikukungoja," alisema Yurani, akaruka chini, akachukua mfuko wake. "Siku tatu. Haya, twende, tutachelewa."

Upimaji uliendelea, sasa asubuhi na mchana, na wa alfajiri katika kituo cha pili ulibaki wa Deyanira, maana hakuna mtoto mwingine anayekaa huko juu. Asubuhi ya kwanza ya Desemba alipiga magoti kwenye jiwe lake gizani, na rangi ya karatasi haikuonekana. Kisha mwanga ukamwangukia begani. Babu yake alikuwa amesimama nyuma na taa.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Saba, babu."

"Angalia tena."

Alichovya nyingine. "Saba."

"Andika na saa," alisema don Eliécer. Alingoja mpaka kalamu ilipotulia, ndipo akaongea, na kwa mzee yule ilikuwa hotuba ndefu. "Mjukuu wangu, miaka sitini nimeosha kahawa hapa, na hakuna mtu aliyeniambia, kwa kuwa kila aliyejua alinyamaza ili asionekane mbaya. Uongo ulikupa marafiki wa wiki mbili. Ukweli ulikuacha umesimama peke yako mbele ya watu, nilikuona nikiwa pale mlangoni. Kusimama hivyo ni kugumu. Lakini aliyesimama na ukweli wake, watu wana mahali pa kumkuta wakirudi. Mimi nilichelewa kufika, ila nilikukuta pale pale."

Akainua taa, wakapanda pamoja kwenda kuchoma arepa. Njiani babu alikohoa, akatazama mawingu.

"Kuna baridi," alisema.

"Ndiyo, babu," alisema Deyanira. "Lakini Jumapili njoo nami kwenye jiwe. Mama atataka kusikia sauti yako."